Bibi, nitakucheki kesho

Juzi mtoto wa ndugu yangu, huyu anayefanya kazi ya hoteli kule Malindi, alipiga simu nyumbani Langoni, hapa Lamu, kumjulia hali mamangu, ambaye kwake yeye ni bibi. Simu ilikuwa inakatika katika, upepo wa kusi mkali, na mamangu sikio la kushoto halisikii vizuri na ndilo hilo hilo anawekea simu, sijui kwa nini. Mwisho kabisa kijana akasema, "Haya bibi, nitakucheki kesho." Mamangu akanyamaza kidogo, alafu, "Utanicheka? Mimi nimekufanya nini mwanangu hata unicheke?" Kijana akaanza kujieleza, si kucheka bibi, kucheki, ku-che-ki, na kila alivyojieleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika mpaka ikabidi nichukue simu mimi, nikamwambia mamangu anasema atakupigia kesho. "Sasa si angesema hivo," akajibu, akarudi kwenye mkeka wake.

Baada ya alasiri nikaipeleka hadithi barazani nikidhani watu watacheka tu yaishe. Kumbe nimewasha moto. Kuna maalim mmoja hapo, ndiye alinifundisha Kurani chuoni nikiwa mdogo na mpaka leo nikimuona naficha sigara, akaishika hadithi yangu akaifanya mawaidha. Ati cheki ndiyo vile Kiswahili kinavyooza. Ati ni neno la vijana wa ufuoni waliloliokota kwa watalii, mtu wa Lamu aliyelelewa akalelewa husema tazama, husema angalia, husema nitakuja kukujulia hali. Alafu akamaliza na hili ambalo ndilo limenikaa kichwani siku zote hizi: "Hilo ni la Wazungu. Hatuna nasaba nalo."

Nasaba! Kwa mji wetu huu ambao mtu hawezi kuposa kabla hajaulizwa babu wa babu yake alishukia bandari gani, hilo ni tusi zito kulitupia neno. Sikumjibu pale, huwezi kumjibu maalim wako mbele za watu, lakini hapa nipo peke yangu na nitasema. Maalim, kwa hisani yako, nasaba ipo. Tena neno hilo lina ukoo mkubwa kuliko wangu na wako tukiujumlisha pamoja.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Check kwao ina maana mpaka zinatia kizunguzungu, ni kuangalia, ni kuhakikisha, ni kuzuia kitu kisiendelee, ni kale kaalama unakoweka kwenye jibu sahihi, ni karatasi ya benki na ni bili ya mkahawa ukienda Marekani, ni shati ya mirabaraba, ni kuingia hotelini na kutoka hotelini, na kwenye sataranji ni ile kelele unayopiga unapomtishia mfalme wa mwenzio. Utadhani ni maneno tofauti yamegongana sauti kwa bahati, kama sisi tulivyo na paa wa porini na paa la nyumba na kupaa angani. Wapi. Ni neno moja, na mlango lililoingilia ni huo wa mwisho, wa mchezo. Hizo maana nyingine zote ni watoto na wajukuu.

Mchezo wenyewe ulianza Bara Hindi kama karne ya 6, ukiitwa chaturanga, viungo vinne, manake jeshi la huko lilikuwa na sehemu nne, askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya kukokotwa. Ukavuka Uajemi ukawa chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7 wakachukua na mchezo, na kwa kuwa Kiarabu hakina hiyo "ch" wakasema shatranj, na sisi ndio tukasema sataranji, wala hatukumngoja Mzungu atuletee. Mfalme ndani ya mchezo akabaki na jina lake la Kiajemi, shah. Na shah si neno la juzi, Dario aliyetawala Uajemi aliandikisha kwenye mwamba wa Behistun, miaka kama 2500 iliyopita, kwamba yeye ni khshayathiya khshayathiyanam, mfalme wa wafalme, sasa lichukue hilo dude ulimumunye mdomoni karne baada ya karne mpaka limong'onyoke kama sabuni ya kisimani, kinachobaki ni shah. Wafalme wa Irani walilivaa mpaka 1979 wa mwisho alipopanda ndege akaondoka.

Adabu ya mchezo ilikuwa humvamii mfalme kimya kimya. Unatoa onyo, "Shah!", yaani mfalme wako huyo, jitazame. Na akikosa pa kukimbilia unasema shah mat. Hapo wajuzi wamegawanyika, kuna wanaosema mat ni ya Kiarabu, amekufa, na basi ndugu zake kwetu ni mauti na maiti, na kuna wanaosema ni ya Kiajemi, ameduwaa, amekwama, hana la kufanya. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu ni mchezo wenyewe: mfalme wa sataranji hauawi hata siku moja, kete zingine zote zinaliwa zinatupwa pembeni lakini yeye hakuna mkono unaomtoa ubaoni, anaachwa tu amesimama pale pale hana pa kwenda. Huyo hajafa. Huyo amekwama.

Kutoka kwa Waarabu mchezo ukafika Ulaya kupitia Andalusia na huko Italia, na Wazungu wakaupenda kufa. Shida ikawa ulimi, Kilatini hakina "sh" ikabidi waseme scaccus, Wafaransa wa zamani wakalipokea wakalitilia "e" mbele, eschec, na wingi wake esches, Waingereza nao wakaja wakakata kichwa, eschec ikawa check na esches ikawa chess. Yaani huo mchezo wote wa chess, ukiufasiri neno kwa neno, ni "mashaha". Na hiyo checkmate wanayoitamka kwa mbwembwe kwenye sinema ni shah mat tu, imevalishwa koti.

Sasa turudi barazani. Maalim, si shaha tunalo? Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili ya maana. Shaha ni mfalme wa sataranji, na shaha ndiye mkuu wa malenga, yule mshairi ambaye wenzake wakimaliza kubishana vina na mizani wanamgeukia yeye akate shauri. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkristo, mtu wa bara kabisa asiyenusa chumvi utotoni, alipotunga mpaka watu wakakubali walimwita Shaha. Mgogo amevikwa taji la Uajemi na hakuna aliyesema hilo halina nasaba.

Kwa hiyo neno ni lile lile moja, limeingia nyumba hii mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja na kaskazi, ndani ya majahazi, likapita kwa daka, ukumbi wa mbele, likakaribishwa likanyunyiziwa marashi, likapewa kiti karibu na washairi. Mara ya pili likazunguka, likapanda Uhispania, likashuka Ufaransa, likakaa Uingereza miaka mia saba huko, likafanya kazi za kila namna, ndio likaja kurudi na Waingereza na baadaye na watalii, likaingia kwa mlango wa uani likiwa limevaa kaptula. Ndiyo cheki hiyo. Shaha na cheki ni mtu na nduguye, ila mmoja alisafiri mbali akarudi hana kanzu, na sisi tumesimama mlangoni tunamuuliza wewe nani.

Na si peke yake, ukishajua mtindo huu unaanza kuwaona wengi. Msimu wetu huu wa kaskazi na kusi ni mausim ya Kiarabu, Wareno wakaibeba wakaifanya monção, na leo mtangazaji wa hali ya hewa akisema monsoon anasema msimu bila kujua. Taarifa na tariff ya stima hizo ni chupa mbili za kisima kimoja. Magazine nayo imetoka kwa makhazin, maghala, kwa hiyo ni dada yake hazina, na maana ya gazeti ilikuja baadaye kabisa, 1731, London, pale mchapishaji mmoja alipoita jarida lake ghala la habari.

Ila hapa lazima nijikanye mwenyewe manake ugonjwa huu ukikushika unaona Uarabu na Uajemi kila mahali. Rafiki yangu mmoja tulikuwa tunaangalia sinema ya Marekani akaniapia kwamba sheriff yule mwenye nyota kifuani ni sharifu, ati Waarabu walifika. Hapana. Sheriff ni Kiingereza cha zamani, mnyapara wa wilaya, hana uhusiano wowote na masharifu wetu wa msikiti wa Riyadha. Hata mshahara, ambao ukiusikia haraka haraka una shaha ndani yake, hauna mfalme, una mwezi, ni mushahara ya Kiarabu, malipo ya kila mwezi. (Mwezi wenyewe siku hizi una siku arobaini lakini tuache.) Sauti kufanana si nasaba, nasaba inataka mashahidi njia nzima, huyu alionekana wapi, mwaka gani, kinywani mwa nani. Cheki mashahidi wake wapo mji kwa mji.

Na nikitaja mshahara, kuna mtoto mmoja wa shah huyu anatugusa mfukoni kabisa. Umesikia wafanyakazi wa kaunti, sio hapa tu bali kaunti zote, wakiulizwa mbona hamjalipwa wanakwambia exchequer haijatoka, yaani pesa za hazina ya Nairobi. Wengi wanadhani hilo ni jina la ofisi au la karatasi fulani. Asili yake ni meza. Ubao wa sataranji Wafaransa waliuita eschequier, na wafalme wa Uingereza karne ya 12 walikuwa wakihesabu kodi juu ya meza kubwa, futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa cheusi kilichopigwa mistari kama ubao wa mchezo. Tarakimu hizi zetu 1, 2, 3 zilikuwa hazijazoeleka kwao, wana zile za Kirumi, na jaribu wewe kujumlisha XLVII na CCXIX uone kama hutalala njaa, basi wakawa wanapanga vibao vidogo kwenye vyumba vya kitambaa, safu hii ya peni, hii ya shilingi, hii ya pauni, wanavisogeza. Huku upande mmoja amekaa mweka hazina wa mfalme, upande wa pili huyo sheriff ametoka wilayani na mifuko ya fedha, jasho linamtoka, kila kibao kikisogezwa ni deni linaongezeka au linapungua, na kila mtu chumbani anaona. Kumbukumbu za mahesabu hayo zipo mpaka leo, kongwe kabisa iliyobaki ni ya 1130. Watu wakaona mandhari ile, watu wawili wanakabiliana juu ya kitambaa cha mirabaraba, wakasema hii si sataranji hii? Jina likaganda. Waziri wa fedha wa Uingereza mpaka leo hii cheo chake kinamtaja kama msimamizi wa ubao wa sataranji.

Ukiwaza sana ni jambo la kuchekesha kidogo. Kaunti imekaa upande huu wa ubao, Nairobi upande ule, na kila mwezi mmoja anangoja mwenzie asogeze kete.

Maana zingine nazipita haraka. Kuzuia ndiyo ya karibu zaidi na mchezo, mfalme akipigiwa shah huwezi kucheza kingine chochote, lazima usimame umuokoe kwanza, ndipo check ikawa kusimamisha, na ndiyo hiyo unayokutana nayo ukipanda basi la asubuhi kutoka Malindi, ukishapita Garsen, Minjila, Gamba, Witu, shuka, toa kitambulisho, panda, shuka tena. Wazee wanasema kizuizi, vijana wanasema cheki-poini, na kwa mara moja wote wawili wako sahihi. Kutoka kusimamisha likaja kusimamisha ili uhakikishe, na hiyo ndiyo tunayoitumia sisi. Karatasi ya benki ilitokea karne ya 18, kwanza ilikuwa ni kile kipande kinachobaki kitabuni cha kuhakikishia kwamba hakuna aliyeghushi, alafu jina likahamia kwa karatasi lenyewe, na Waingereza wakaanza kuliandika kwa "que" wakiiga ile exchequer, Wamarekani wakakataa. Sisi tuna hundi, ambayo ni ya Wahindi wafanyabiashara, na tangu M-Pesa ije 2007 sioni tena watu wakigombana nayo.

Nirudi kwa mamangu na lile sikio lake, manake kile alichokosea kina siri ndani yake. Vitenzi vyetu vya asili, vya kibantu, vinaishia na "a", cheka, lala, pika, na ukikanusha kwa wakati uliopo "a" inageuka "i", sicheki, silali, sipiki. Wageni hawageuki. Safiri, fikiri, samehe, jibu, rudi, hao walikuja na Kiarabu wakakaa na irabu zao walizotoka nazo kwao, huwezi kusema nasafira, mpaka leo karne ngapi zimepita na bado wamevaa vazi lile lile la siku waliyoshuka. Cheki ilipofika sarufi haikuiuliza wewe wa nani, wala haikuisimamisha uani, iliiweka kwenye mkeka mmoja na safiri na fikiri, nilicheki, atacheki, tuchekiane, wachekiwe, inakwenda sawa kabisa. Lugha yenyewe imeshampokea mgeni, sisi wenye lugha ndio tumebaki tunabishana. Tatizo ni kwamba kwenye kukanusha, cheka ikigeuza irabu yake inakuwa sawasawa na cheki. "Mbona siku hizi hunicheki?" Anayeuliza hivo analalamika humtafuti kwa simu au analalamika utani wake haukuchekeshi? Hujui, mpaka umtazame uso.

Kuna kingine na hiki kinauma kidogo. Maalim wangu huyu huyu, yeye mwenyewe alishawahi kutusimulia kwamba shuleni alichapwa kwa kusema mato badala ya macho. Alisema iwe, akaambiwa sema jiwe, akasema ndia, akaambiwa njia, muyi, sema mji. Lugha aliyonyonya nayo, ambayo washairi wa Lamu na Pate wameiandikia tenzi ndefu tangu karne ya 18 na ushahidi upo kwa mkono wao, ikawa makosa ya imla kwa wino mwekundu, kwa sababu mkutano ulikaa Mombasa 1928 ukaamua Kiunguja ndicho kitakuwa kipimo, na 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia hilo. Siwalaumu sana, lazima vitabu vichapwe kwa kitu kimoja. Lakini mtu aliyewahi kuambiwa kwamba neno la mamake si neno, nilidhani atakuwa wa mwisho kumwambia kijana vile vile. Kumbe ndiye wa kwanza. Labda ndivyo fimbo inavyofanya kazi, sijui.

Alafu tuseme ukweli kuhusu kipimo chenyewe. Hatupimi neno, tunampima aliyelileta. Lililoletwa na nahodha ni la adabu, lililoletwa na mtalii ni la kihuni, na la Mreno je? Wareno walipita hapa kwa mizinga na moto, Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498 na nguzo yao bado imesimama pale wageni wanapiga picha, na hakuna mzee hata mmoja ninayemjua anayekataa kula juu ya meza, au kufunga leso, au kucheza karata akipiga kelele za kopa na shupaza na uru. Yote hayo ni Kireno. Muda tu umepita. Nadhani cheki kosa lake kubwa ni kwamba imefika wakati sisi tupo macho tunaiona inashuka chomboni.

Sasa vijana mliosoma mpaka hapa mkifurahi kwamba ami amewatetea, subirini, kuna na yenu.

Mwaka jana tulikuwa tunakwenda arusini Pate, boti ya jamaa, injini imetoka kufanyiwa sabisi. Kabla ya kuondoka nikamuuliza fundi, injini umeiangalia? Akasema, "Nimeicheki, iko fiti." Tukapakia, akina mama na masinia yao ya mahamri, watoto, mabuibui ya arusi yamekunjwa kwenye mifuko ya plastiki. Katikati ya Mkanda injini ikaanza kutoa moshi, ikakohoa, ikafa. Na Mkanda kwa asiyeujua ni ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, maji yakipwa chombo kinakaa juu ya tope kama kuku juu ya mayai. Maji yakapwa. Tulikaa pale saa karibu sita tukiliwa na mbu mpaka maji yalipojaa tukaja kuvutwa, mahamri yote tukayala sisi. Kilichokuwa kimekufa ni pampu ya maji ya kupoza injini. Nilipomfuata fundi akaniambia bila kupepesa, "Lakini niliicheki ami." Na hakusema uongo! Alifungua kifuniko akatazama. Hiyo ndiyo cheki yake. Mimi niliposikia cheki nilisikia ameiwasha ameisikiliza, ameona maji yanatoka kule nyuma.

Hapo ndipo hoja yangu na maalim zinakutana, ingawa yeye ameingilia kwa mlango mwingine. Neno halina kosa la kuzaliwa, kosa ni kwamba limefanywa kapu. Kutazama si kukagua, na kukagua si kupima. Kuchungulia kuna ukuta mbele yako au kuna mlango umefunguka kidogo, kukodoa kuna macho yaliyotoka, kuzengea ni kutafuta ukizunguka zunguka, kuhakiki kuna karatasi mbili unazilinganisha, kujulia hali kuna mguu uliotoka nyumbani ukaenda. Ndugu zetu Wagiriama hapo Malindi wanasema lola na lenyewe lina ladha yake. Yote hayo vijana mmeyatia kapu moja la cheki, muuguzi anakucheki, fundi anaicheki, benki wanacheki, mpenzi anakucheki, Mungu tu ndiye hajasemwa anatucheki. Laiti fundi angelazimika kuchagua kati ya nimeitazama na nimeijaribu, angesita kidogo pale kwenye ngazi ya boti, na huko kusita kwake kungetosha mimi kuuliza swali la pili.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe asili yake halikuwa na ulegevu huo hata kidogo. Shah ilikuwa na maana moja kali kama wembe, mfalme wako yuko hatarini sasa hivi, kwa kete hii niliyoisogeza, na zamu ni yako. Ni kule kusafiri kwingi ndiko kulikolilegeza, kila bandari likiongezewa mzigo mwingine.

Jumamosi kijana akaja kutoka Malindi, akambusu bibi yake mkono, yakaisha yale ya simu. Jioni akakaa barazani na simu yake amejikunja, nikachungulia (nasema nikachungulia, sikucheki), kumbe anacheza sataranji na kompyuta, amemsukuma mfalme wa mashine mpaka pembeni. Nikamwambia unajua hapo zamani ungepiga kelele ya shah. Akasema, "Ami, hapa inaandika tu check." Meno yote nje, mabega yanamcheza kwa raha ya kuishinda mashine. Mamangu akatokea mlangoni na kikombe cha kahawa, akamtazama vile anavyojichezea peke yake.

"Wacheka nini wewe?"

"Sicheki bibi," akamjibu bila kuinua kichwa, "nacheki."